Makofi Chini ya Mkole

Kisarawe,
Jumatano, 13 Novemba 2024

Laurensia,

Salamu sikuletei. Nikikusalimia nitakuwa mnafiki, na wiki hii nina balaa la kunitosha.

Usinipigie simu. Nimekufungia, ndiyo maana hunipati, na usijisumbue kutumia simu ya mumeo Evodius kwa sababu na yeye nimemfungia, tena yeye ndiye niliyeanza naye. Barua hii atakuletea Recho akitoka kazini, maana yeye analala kwenu Kibaha na mshahara anaulia huku kwetu. Nilitaka kumweleza akanizuia mlangoni. Kasema yeye ni posta tu, mambo yetu tuyamalize wenyewe. Haya, posta ikuletee hili: kwa nini uliimba ule wimbo?

Tulikwenda tamasha la mikoko kupumzika, watu wazima wanne, mimi na wewe na mumeo na Recho. Nilifurahi, sikatai. Jumamosi tulipanda mikoko tope likitufika magotini, tukala ngisi mpaka Recho akafungua kifungo cha sketi, tukalala kwenye mahema kama wanafunzi. Jumapili yule mtembeza watu, Mashaka, akatupeleka kwenye kichaka nyuma ya ufuko kutuonyesha miti. Alasiri ikaingia, nikawaacha, nikaenda kuswali. Narudi nakuta watu wamekuzunguka chini ya mti wanashangilia. Na mie nikapiga makofi. Sikujua nashangilia nini, nilishangilia kwa sababu ni wewe.

Jana ndipo nimejua. Mashaka aliuliza nani anaufahamu ule mti. Wewe ukanyoosha mkono. Ukasema ni mkole, ukawaeleza kwamba Wazaramo humpeleka mwali chini yake, kisha ukaimba wimbo wa mkoleni wote, mwanzo hadi mwisho, mbele za wanaume. Mumeo akarekodi. Jioni yake akauweka kwenye status na maneno haya: "Mke wangu Mzaramo wa Bukoba." Alama za kucheka na za moto kibao.

Shoga, wimbo ule hauko redioni. Hauimbwi harusini. Mtoto akivunja ungo anawekwa ndani, anafundwa, na siku yake ikifika wanawake wanampeleka mkoleni, na hapo ndipo anafunuliwa ule wimbo na maana yake. Asiyechezwa hivyo hausikii. Mwanamume hausikii mpaka anaingia kaburini. Sasa hivi kijijini kwetu Kurui wanausikiliza kwenye vibanda vya kahawa. Mjomba wangu Mwishehe, mzee wa miaka sabini na kitu, kausikia wimbo aliofichwa na mkewe ndoa nzima, na sasa anaupiga mluzi akienda shambani.

Na mwisho wa video naonekana mie, nimevaa baibui, napiga makofi.

Unajua Shamsia, mtoto wa dada, yuko ndani. Tangu amalize mtihani wa darasa la saba yuko Kurui kwa Bi Hajra, bibi yetu mdogo, ambaye ndiye kungwi mkubwa wa pale. Anatoka katikati ya Desemba. Marehemu dada yangu Nuria siku zake za mwisho hakuniomba dawa wala maji. Alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu umtoe wewe, asitolewe na mtu mwingine." Hilo tu. Jumamosi hii wanawake wa Kurui wanakaa kikao juu yangu.

Nilitaka ujue umefanya nini, usije ukasema hukuambiwa.

Siwema


Kibaha, Maili Moja,
Ijumaa, 15 Novemba 2024

Siwema,

Mimi nakusalimia. Habari za Kisarawe? Nimelelewa kusalimia hata watu wanaonitukana.

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, chai ikachemka ikamwagika yote kwenye jiko. Kwanza, Evodius amefuta ile video siku ileile Recho alipotuambia umekasirika. Amenuna kwa sababu anasema alikuwa anajivunia mke wake. Nimemwambia ajivunie kimya kimya. Najua kufuta hakusaidii kitu, imeshasambaa, lakini amefuta.

Pili, naomba nikuulize na mimi. Nani aliniambia kuwa ule wimbo ni siri? Nitajie jina lake.

Mwaka jana ulinichukua hapa kwangu Jumamosi asubuhi, ukasema twende Kurui kuna sherehe ya binti wa binamu yako Jabiri, vaa kanga mbili. Nikavaa kanga mbili. Tukafika kwenye kile kichaka, akina mama wamejipanga, na mama mmoja mnene akanisimamisha akaniuliza, "Wewe umechezwa kwenu?" Kabla sijafungua mdomo ukanifinya kiunoni, hapa, alama yake ilikaa siku kadhaa, ukaninong'oneza, "Sema ndiyo, tusicheleweshe watu." Nikasema ndiyo. Nikapita.

Siwema, kwetu Uhaya hatuchezwi mkoleni. Unalijua hilo kuliko mtu yeyote hapa pwani, kwa sababu tumeongea mambo hayo mpaka usingizi ukatuchukua kwenye kochi. Shangazi zangu walinipa mawaidha ya ndoa wiki moja kabla ya harusi, basi, tena nusu yake yalikuwa ya kumenya ndizi. Kwa hiyo mimi niliingia kwenu sijui kitu, sikufundishwa kitu, nikasikia wimbo mzuri unaimbwa na wanawake mia, nikaushika. Kwetu wimbo mzuri unaimbwa watu wausikie. Kama ningeambiwa nimebebeshwa siri, ningeibeba. Mimi nafanya kazi serikalini, kufunga mdomo ndiyo taaluma yangu.

Na tatu, uliponiona pale chini ya mti ulipiga makofi. Nilikuona. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga, nikasema moyoni, mwenye wimbo wake amekubali. Jioni nzima ukacheka na mimi, tukanywa madafu, ukaniegemea begani. Sasa leo mimi ni mhalifu.

Kwa Shamsia naumia. Hilo ni la kweli na sitaki ulichanganye na hasira yangu. Waambie wanawake wa Kurui ukweli, kwamba mgeni hakuchezwa na hakujua. Ukweli utakutoa.

Ila nijibu hili moja. Ulijua sipaswi kuingia. Kwa nini ulinipeleka?

Laurensia


Kisarawe,
Jumatatu, 18 Novemba 2024

Laurensia,

Kikao kimekaa. Shamsia hatolewi na mie. Atatolewa na mke wa Jabiri, mwanamke ambaye Nuria alikuwa hampi hata kibiriti. Nimekatazwa kumsogelea mtoto, nimekatazwa kusimama karibu na mkole, na siku ya kutoka nimeruhusiwa tu kukaa jikoni na wapika pilau kama nimekodiwa.

Nilijieleza mpaka koo likakauka. Nilisema nilikuwa natoka kuswali, sikusikia hata neno. Bi Hajra akaniangalia akasema, "Makofi yako yamo kwenye simu, mjukuu wangu. Swala yako haimo." Wakacheka wote. Nilitamani ardhi ipasuke.

Unaniambia niwaambie ukweli. Waliniuliza. Walisema, yule rafiki yako amechezwa? Nikasema ndiyo. Ulitaka niseme nini? Niseme mie, binti wa Kurui, nimemwingiza mkoleni mtu asiyechezwa, tena nimemfundisha kudanganya? Wasingenikataza Shamsia peke yake, wangenikataza hata mazishi yangu mwenyewe. Nimesema ndiyo, umechezwa kwenu, miiko unaijua. Yaliyobaki wakamalizia wenyewe.

Na unauliza kwa nini nilikupeleka. Swali la ajabu hilo. Nuria alikuwa hajamaliza hata miezi mitatu kaburini. Kila mwanamke anayekwenda mkoleni anakwenda ameshikana na dada yake, anacheza na dada yake, anarudi anamsema dada yake njiani. Mie ningekwenda na nani? Na mkoba? Nilitaka na mie niwe na mtu ubavuni. Basi. Ningejua nachukua bomu ningekwenda na mkoba.

Kuhusu hilo usinijibu.

Siwema


Kibaha,
Jumatano, 20 Novemba 2024

Siwema,

Umenikataza kujibu jambo moja, nimelinyamazia. Hilo lingine sinyamazi.

Kwa hiyo Kurui nzima leo wanajua kwamba Laurensia alichezwa, miiko anaijua, na akaitoa hadharani kwa makusudi ili mumewe apate alama za moto kwenye simu. Umeniuza. Mara ya kwanza ulidanganya kwa mdomo wangu, nikakuachia kwa sababu sikujua. Mara ya pili umedanganya kwa jina langu na mimi sipo. Ukakaa kwenye mkeka ukawaacha "wamalizie wenyewe." Na bado umemkosa mtoto. Uongo wenyewe haukukununulia kitu.

Mimi sina ukoo huko, sina shamba huko, nina jina langu tu, na ndilo umelitupa.

Jumamosi naenda Kurui kwa Bi Hajra. Naenda mwenyewe, nitauliza njia. Nitasema yote, na la kunifinya nitalisema, na nitawaonyesha mahali. Usinisubiri barabarani na usimtume Recho kunituliza. Recho mwenyewe ameniambia posta imechoka.

Laurensia


Kisarawe,
Jumatatu, 2 Desemba 2024

Laurensia,

Barua hii inaingia kwa mlango wa jikoni. Nimemtumia mke wa Jabiri, nimembembeleza, mie nimembembeleza mke wa Jabiri, uone nilipofika.

Nimekaa wiki nzima nikisubiri kusikia umepokelewaje Kurui. Nikadhani umefukuzwa, nikadhani umepigwa kwa michi, nikaanza hata kukuonea huruma kidogo, astaghafirullah. Kumbe umewekwa ndani.

Umewekwa ndani. Mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mama wa watoto wawili, mtumishi wa serikali, amechukua likizo yake ya mwaka akaenda kuwa mwali Kurui. Nilimwambia aliyeniletea habari arudie. Akarudia. Unakaa mkeka mmoja na Shamsia. Unakula naye sahani moja. Unapakwa liwa naye. Bi Hajra anakufunda kwa mdomo wake, ambaye mie alinifunda kwa fimbo.

Na mie wameniambia nisikanyage hata kwenye ua. Jikoni kwenyewe kwenye pilau nimefutwa, kwa sababu sasa wanajua nilidanganya, tena mara mbili. Asante sana kwa ukweli wako. Ulisema utanitoa, na kweli umenitoa.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wangekujua wewe wasingesema. Mie nimezaliwa Kurui, kitovu changu kimezikwa Kurui, dada yangu amezikwa Kurui, na niko nje. Wewe umekuja na basi kutoka Bukoba ukiwa na digrii na rozari, na uko ndani, umekaa na mtoto wangu. Hivi haki ya hapo iko wapi, nioneshe kwa kidole.

Halafu mumeo. Evodius kanipigia kwa namba ngeni. Nilidhani ni msiba. Anataka kujua mke wake atarudi lini, na ndizi humenywaje bila utomvu kuganda mikononi. Nimemwambia akaulize kwenye status yake.

Shamsia anakula? Hapendi mlenda, ila hasemi. Kama wanampa mlenda mwambie Bi Hajra kistaarabu. Na analala ubavu wa kushoto, ukimgeuza anashtuka. Nuria alikuwa hivyohivyo.

Sijui kwa nini nakwambia. Sina mtu mwingine wa kumwambia aliyeko humo.

Siwema


Kurui,
Jumapili, 8 Desemba 2024

Siwema,

Mwali haandiki barua. Hii moja nimepewa ruhusa, na utaona mwishoni kwa nini. Bi Hajra amekaa hapa mbele yangu anachambua mchele na ananiambia nifupishe.

Nilifika nikasema yote. Nilisema sikuchezwa, nilisema ulinifinya, nilisema nimeimba kwa ujinga na si kwa ubaya. Walipiga kelele mpaka kuku wakakimbia uani. Mmoja alitaka nitozwe mbuzi, mwingine alitaka nisikanyage tena wilaya nzima ya Kisarawe, kama vile ni sebule yake. Bi Hajra aliwaacha wachoke. Kisha akasema, "Asiyechezwa hana mwiko wa kuvunja. Lakini wimbo umeshaingia tumboni mwake, hatuwezi kumtapisha. Basi na yeye aingie, wimbo umkute akiwa mtu wetu." Akaniuliza niko tayari kuinama mbele ya watu niliowazidi cheo na kisomo. Nilikuwa na hasira na wewe kiasi kwamba ningekubali chochote. Nikasema niko tayari.

Paroko sijamuuliza na sitamuuliza.

Ninayofundishwa sikuandikii, hata wewe unayeyajua. Sasa nimeelewa kwa nini uliniandikia vile siku ya kwanza. Ningekuwa wewe ningeandika vibaya zaidi. Lakini bado nimekukasirikia, usije ukajisahau. Ulinitupa kwenye kile kikao na mimi sipo kujitetea, na kila nikiinamisha kichwa hapa nalikumbuka.

Shamsia anakula. Mlenda waliuleta, nikala wangu na wake, Bi Hajra akajifanya hakuona. Mtoto haulizi chochote. Mwali hainui macho, kwa hiyo kila mlango ukifunguliwa anaangalia miguu ya anayeingia. Ilinichukua muda kujua anatafuta nini. Anatafuta miguu yako, Siwema, na hajaiona hata siku moja, na hakuna anayemwambia kwa nini.

Sasa la ruhusa. Jana akina mama walikuja kupanga siku ya kutoka, Jumamosi ijayo. Wakaniuliza, na wewe nani wako atakutoa? Kila mwali hutolewa na mwanamke wa kwao, hatolewi na mtu wa njiani. Mama yangu ni marehemu. Shangazi zangu wako Bukoba na wakisikia niko hapa watakuja na maji ya baraka. Nikasema nina ndugu mmoja, yuko Kisarawe, anaitwa Siwema.

Mke wa Jabiri akasema huyo amekatazwa. Bi Hajra hakuacha hata kuchambua mchele wake. Akasema, "Amekatazwa kumtoa Shamsia. Huyu ni mwali mwingine. Nani alikataa ndugu wa huyu?" Wakati wa kikao hakuna aliyewaza kwamba nitakuwa na ndugu.

Sikukutaja kwa sababu nimekusamehe. Nimekutaja kwa sababu nilipotafuta mtu wangu pwani hii yote sikumwona mwingine, na hilo nalo limeniudhi.

Sisi wali sote tunatoka pamoja, kwa mlango mmoja. Usichelewe.

Laurensia


Kisarawe,
Jumanne, 10 Desemba 2024

Laurensia,

Wewe una kiburi sana. Umenitaja mbele ya wanawake wa Kurui bila kuniuliza kama nataka undugu na wewe. Na kama ningekataa? Ungetolewa na Evodius?

Nakuja. Ijumaa jioni nalala kwa mjomba Mwishehe, na nimeshamwambia nikisikia mluzi wowote tutakosana.

Kanga nimenunua doti mbili zinazofanana, kwa sababu wali wanaotoka pamoja wanavalishwa sawa, na mke wa Jabiri akiuliza ya pili ni ya nani, nitamwambia duka liliniuzia hivyo. Anaweza kutangulia mbele akitaka. Anaweza kubeba ungo, anaweza kupiga vigelegele mpaka apasuke. Sitagombana naye. Nimechoka kugombana, nimegombana na wewe nguvu zikaniishia.

Mafunzo yako ya mwisho nakupa mie, kwa sababu mie ndiye ndugu yako, eti. Ukitoka usiinue kichwa. Usitabasamu, nakujua, utataka kutabasamu. Wakikutania kwa umri wako usijibu, na usiwaambie cheo chako. Jua litakuwa kali na kanga zitakuwa nzito, vumilia. Mwambie Shamsia, kwa sauti ya chini asisikie mtu, kwamba siku hiyo nitavaa viatu vya njano.

Na mlangoni nitakushika kwa mkono wa kushoto. Usione nimekudharau. Wa kulia ni wa mtoto wa Nuria, na anayetaka kuuitia kikao auitie tukishafika mkoleni.

Ndugu yako,
Siwema